Mlinzi wa Taa ya Samli

Kwa miaka mitatu na miezi minne Nasirumbi hakuwahi kulala saa sita mfululizo. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na mtoto mchanga. Alikuwa na taa. Ilikuwa bakuli dogo la shaba lililokolea masizi, lenye utambi wa pamba aliousokota mwenyewe juu ya paja, na ilikaa mbele ya sanamu za mawe meupe katika hekalu dogo la Wahindu, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Kila baada ya saa sita taa hiyo ilidai kijiko cha samli. Ikikosa, ingekufa. Na watu wa hekalu lile walisema haijawahi kufa tangu mwaka wa hamsini na saba.

Nasirumbi mwenyewe hakuwa Mhindu. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, huko Bungoma, mjane wa koplo wa polisi aliyeitwa Barnabas, ambaye alihamishiwa Nyeri na kufia Nyeri. Koplo alipozikwa, nyumba ya kambini ikarudishwa, na Nasirumbi akajikuta barabarani na magodoro mawili na binti wa darasa la sita, Beverlyne. Aliyempa mahali pa kulala alikuwa kuhani mzee wa hekalu, mtu mwembamba wa kukohoakohoa ambaye mji mzima ulimwita Maharaji. Alimpa ufagio, akampa chumba nyuma ya jiko, na hakumuuliza anasali wapi. Beverlyne alisomea katika chumba hicho mpaka akawa mwalimu huko Kitale. Mama yake akabaki.

Figo za Maharaji zilipokataa kufanya kazi, ndugu zake walikuja kumchukua kwenda Nairobi. Asubuhi hiyo alimwita Nasirumbi ndani, akamwambia anawe mikono, akamkabidhi kijiko.

"Mama Beverlyne, nirudi nisirudi, hii isizime. Ukichoka, sema umechoka, watafute mtu mwingine. Lakini usidanganye."

"Sitadanganya, Maharaji."

Hakurudi. Kamati ya hekalu, ambayo wajumbe wake wote wanaishi Nairobi, ilisema italeta kuhani mwingine mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, ukapita, na mwenzake ukafuata. Kamati ilituma madebe ya samli. Kamati ilituma mshahara. Kuhani haikumtuma. Mjini Nyeri zilikuwa zimebaki familia nne za Kihindu, wengi wao wazee, na waliopanda ngazi za hekalu siku ya Jumatatu hawakujaza hata mkeka mmoja. Kwa hiyo moto uliowashwa na watu waliohama ulilindwa na mwanamke ambaye Jumapili alivaa kitambaa cheupe na kwenda kuimba kanisani.

Na kanisani nako hawakumwacha. Wanawake wenzake kutoka magharibi, waliokuwa na chama chao cha kuchangiana vyombo, walimcheka waziwazi.

"Mama Beverlyne, siku ya mwisho utasimama foleni gani?" Kanini, Mkamba aliyeolewa na mwalimu wa huko magharibi, alimwuliza mbele ya wote.

"Ile ya waliotimiza ahadi. Nikikosa kukuona huko nitakusalimia kwa mbali."

Walicheka wakapiga meza. Lakini baada ya wiki mbili aliambiwa hatakuwa tena kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya, mpaka "mambo yake ya sanamu" yatakapoeleweka. Hakulia na hakuhama kanisa. Alihamia benchi la nyuma, akaimba kwa sauti kubwa zaidi.

Huyu ndiye mtu ambaye Mwai alimkuta.

Mwai aliajiriwa na kamati awe meneja. Alikuwa na diploma ya utalii, tai mbili, simu mbili, na neno moja alilolipenda kuliko yote: kifurushi. Hekalu hili, alisema, litawekwa katika kifurushi. Wahindu wa Nairobi, wa Nakuru, hata wa ng'ambo, watakuja kwa basi Jumamosi. Asubuhi watasali mbele ya taa isiyozimika. Mchana watapelekwa Naro Moru kuyagusa maji ya mto unaotoka kwenye theluji na kuutazama mlima, maana kwao mlima wenye theluji ni makao ya mungu. Jioni watanunua kahawa na parachichi, na kurudi makwao wakiwa wametakasika. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nasirumbi mwenyewe alilifurahia, kwa kuwa hekalu lisilo na watu lilimhuzunisha. Ubaya ulianza siku Mwai alipopigilia bango getini.

TAA ISIYOZIMIKA. INAWAKA TANGU 1957 CHINI YA ULINZI WA MAKUHANI, USIKU NA MCHANA.

Nasirumbi alilisoma ufagio ukiwa mkononi. Akalisoma tena.

"Bwana Mwai, makuhani gani?"

"Hiyo ni lugha ya biashara, mama."

"Mimi nauliza majina yao."

"Ati majina! Sasa ulitaka tuandike nini? Ati inaangaliwa na mama wa kufagia kutoka Bungoma?"

"Kama ndivyo ilivyo, andika hivyo."

Mwai alicheka kile kicheko cha mtu anayejua nani anashika funguo za nani. "Mama Beverlyne, wewe ni mtu mzuri, lakini usinisumbue. Wageni wakikuja, hutaonekana huko ndani. Na ukumbuke, hiyo chumba uko nayo ni ya kazi. Kazi ikiisha, chumba imeisha."

Basi hapo ndipo alipowekwa. Upande mmoja kulikuwa na chumba alichokaa miaka kumi na minne, chenye picha ya koplo ukutani na jiko la makaa mlangoni. Upande wa pili kulikuwa na maneno aliyomwahidi mzee aliyekuwa akienda kufa. Alinyamaza siku hiyo. Alijichukia kwa kunyamaza.

Siku mbili kabla ya basi la kwanza, Mwai alileta kabati la kioo. Nasirumbi alipoliona hakuamini macho yake. Lilikuwa kabati la kuuzia mandazi! Lile lile la vibandani, la fremu ya alumini na mlango wa kusukuma, na fundi hakuwa ameondoa hata reli za kushikia trei.

"Upepo usizime taa wageni wakipiga picha," Mwai alieleza.

"Moto unapumua kama wewe. Ukiufungia humo utakufa."

"Nitaacha mlango wazi kidogo."

"Na huo mshipi wako wa ngozi ya ng'ombe, humu ndani hauingii. Nimekuambia mara ngapi?"

"Mama, wewe ni Mkristo au ni Mhindu? Chagua!"

"Mimi ni mtu aliyeambiwa sheria za nyumba akazisikia."

Jumamosi ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi Nasirumbi alilisha taa, sasa ikiwa ndani ya kabati, akakata ncha ya utambi iliyoungua, akauacha mlango wazi kabisa. Mwai alikuja mapema kuliko siku zote, na karatasi mkononi. Nasirumbi aende Karatina, sokoni, alete maua ya manjano magunia mawili, mikungu ya ndizi na nazi kumi na mbili.

"Maua hata hapa Nyeri yapo."

"Karatina ni mingi na ni fresh. Nenda haraka, urudi kabla ya saa nne."

"Nikienda, hicho kioo hakifungwi."

"Hakifungwi."

"Niangalie usoni useme."

"Mama! Hakifungwi!"

Akaenda. Karatina siku ya soko haina nafasi ya mtu mwenye mawazo. Mikokoteni inapita na viazi, mtu anapaza sauti "miguu! miguu!", na ukisimama kufikiri unapigwa na kabichi. Wakonyo, muuza maua aliyemzoea, alimjazia magunia akimtania.

"Leo umechukua mingi, mama ya Wahindi. Mungu wenu anaoa?"

"Anatembelewa. Funga vizuri, usinipe zile zimelala."

Alikuwa anatafuta gari la kurudi Nyeri simu ilipolia. Alikuwa Mwai, na sauti yake ilikuwa tamu, tamu mno. Kumetokea mabadiliko kidogo, alisema. Asipite hekaluni. Hayo maua, ndizi na nazi ayapeleke moja kwa moja Naro Moru, kwenye ile hoteli ya kando ya mto, awasubiri wageni huko na chai.

Nasirumbi alisimama na simu sikioni hata baada ya kukatika. Maua ya kuweka miguuni pa sanamu yapelekwe mtoni? Nazi za kuvunja mlangoni pa hekalu zikavunjiwe hotelini? Mtu anayetuma vitu vya sala mbali na sala hana haja na vitu hivyo. Haja yake ni kwamba anayevibeba asirudi.

Akapanda gari la Nyeri.

Getini alimkuta Miriti, askari wa lango, Mmeru mpole ambaye walikuwa wakigawana chai kila asubuhi. Nyuma yake basi kubwa jeupe lilijaza ua. Miriti alinyoosha fimbo mbele yake, lakini kwa aibu, kama mtu anayezuia mvua kwa mkono.

"Mama Beverlyne, nimeambiwa usiingie."

"Na nani?"

"Si unamjua."

"Miriti, niangalie. Taa inawaka?"

Miriti alitazama buti zake. "Kuna kitu inawaka," alisema, na akaondoa fimbo, akampokea ndizi na nazi.

Barazani viatu vilikuwa vimepangwa kwa safu: ndara, raba za bei, viatu vya wazee vya kamba. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka masikio yanavuma, lakini Nasirumbi aliinama akavua vyake, akavipanga mwisho wa safu, akaingia na magunia ya maua mabegani.

Watu arobaini hivi walikuwa wamekaa sakafuni wakiimba. Walikuwa wameimba kwa muda mrefu, maana sauti zilikuwa zimelegea na kuwa kitu kimoja. Mbele yao Mwai alikuwa amefunga kamba nyekundu, mtu asisogee. Nyuma ya kamba kulikuwa na kabati la mandazi, mlango umesukumwa ukafungwa kabisa. Na ndani ya kabati mwanga ulikuwa unacheza.

Ulicheza kupita kiasi. Mtu aliyekaa na moto miaka mitatu anaujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Moto wa samli unatulia, unarefuka, unainama mlango ukifunguliwa. Huu ulitikisika kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila kuchoka na bila kukosea. Kioo hakikuwa na hata doa la moshi. Na harufu, ile harufu nzito ya samli iliyomwingia mpaka kwenye nguo za kanisani, haikuwepo.

Mbele ya kitu hicho mzee mmoja alikuwa amelala kifudifudi, viganja vimeunganishwa mbele ya kichwa, machozi yanamtoka.

Nasirumbi aliivuka kamba.

"Mama, toka hapo!" Mwai alinong'ona kwa ukali. "Utajuta! Mama!"

Nasirumbi alitazama chini ya meza iliyobeba kabati, akainua kitambaa chekundu. Bakuli la shaba lilikuwa hapo, limesukumwa kando kama sufuria chafu. Alitia kidole. Nyeri ni baridi. Samli iliyoachwa na moto haikawii kuganda. Hii ilikuwa imeganda mpaka chini, kavu, nyeupe. Taa ilikuwa imekufa kitambo, pengine yeye akiwa bado anachagua ndizi.

Alifungua kabati, akatoa kilichokuwamo, akawageukia watu. Kilikuwa mshumaa wa plastiki, wa kuuzwa madukani wakati wa Krismasi. Alikipindua wakione kitako chake, akabonyeza swichi. Kikazimika. Akabonyeza. Kikawaka. Akabonyeza tena.

Nyimbo zilikatika moja moja, wa nyuma wakiwa wa mwisho.

"Hii ndiyo mliinamia," alisema. "Betri mbili! Taa ya Maharaji ilizimika leo asubuhi. Ilifungiwa kwenye kabati ya mandazi ikakosa hewa. Badala ya kuwaambia imekufa, mmeletewa kitu ya kuchezea watoto, na huyu mzee amelala chini analia. Analilia nini? Plastiki!"

"Samahani sana wageni wetu," Mwai alisema akitabasamu kwa meno tu. "Huyu ni mama wa kufagia, hana akili timamu leo. Tulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi..."

"Hitilafu ni wewe!"

Kijana mmoja wa kikundi, mwenye kamera shingoni, alisimama. "Ngoja kwanza. Nani alikuwa anaitunza taa? Bango linasema makuhani."

"Ni mimi. Miaka mitatu na miezi minne. Kuhani hapa hakuna."

"Wewe ni Mhindu?"

"Mimi ni wa kanisa."

Kijana aligeuka kwa wenzake, uso umemwiva. "Kwa hiyo muda huu wote imekuwa ikishikwa na mtu ambaye hata si wetu?"

Neno hilo lilimchoma Nasirumbi kuliko yote ya Mwai. Alilisikia kwenye chama, akalisikia kwenye kwaya, na sasa analisikia humu, mahali alipoamka kila usiku kwenye baridi ya Juni kulisha moto wa watu ambao hawakuja! Alifungua mdomo, lakini mwanamke mmoja mzee alimtangulia. Alikuwa amevaa sari ya kijani na sweta ya kijivu juu yake, na alisema Kiswahili cha sokoni Karatina, alikozaliwa nyuma ya duka la nguo la baba yake. Jina lake lilikuwa Pushpa.

"Wewe kijana," alisema, "umewahi kuweka samli hapa hata siku moja?"

"Auntie, mimi naishi Nairobi."

"Hata mimi. Sote tunaishi Nairobi. Basi nyamaza." Akamgeukia Nasirumbi. "Mama, iwashe. Wewe ndiye unajua. Iwashe tuendelee."

"Sitawasha."

"Kwa nini? Moto ni moto tu."

"Kama moto ni moto tu, mlipanda basi kuja kuona nini?" Nasirumbi aliweka ule mshumaa sakafuni. "Sitawasha mpya chini ya bango la uongo. Mkitaka taa, bango itoke kwanza. Halafu muwashe wenyewe, na mwaka uwe wa leo."

Yule mzee aliyekuwa amelala chini alijifuta uso, akaenda nje polepole bila viatu, na wote wakasikia Miriti akiulizwa kama ana nyundo.

Bango liling'oka kwa kelele. Nasirumbi alikwangua samli iliyoganda, akaosha bakuli, akasokota utambi. Kiberiti alikipiga Pushpa. Waliimba tena, lakini si wote. Kijana wa kamera na wenzake kama kumi walikuwa wameshaingia basini. Mchana walikwenda Naro Moru jinsi ratiba ilivyosema, wakasimama mtoni saa nzima, na mlima haukutoka kwenye mawingu.

Kabla hajaondoka, Pushpa alimshika mkono. "Wakikufukuza, njoo kwangu Nairobi. Nyumba ni kubwa, msichana wangu wa kazi ameolewa."

Alisema kwa wema. Nasirumbi aliuvuta mkono wake taratibu. "Sikuwa natafuta mahali pa kufua, mama. Waulize tu wenzako kwa nini kuhani hajaletwa."

Jumanne barua ya kamati ilikuja, imeletwa na Mwai mwenyewe, na safari hii hakuwa na tabasamu la aina yoyote. Iliandikwa kwa adabu. Kamati inathamini huduma yake. Kamati haina nia ya kumwondoa katika chumba chake. Kinachotakiwa ni sahihi yake tu, hapa chini, kuthibitisha kwamba Jumamosi alikosea kwa sababu ya uchovu, na kwamba taa haikuzimika bali ilihamishwa kwa muda kwa usalama. Bango jipya lilikuwa limeshaagizwa.

"Weka sahihi, mama," Mwai alisema. "Nani ameumia? Wewe unabaki na chumba, mimi nabaki na kazi, wao wanabaki na mwaka wao wa hamsini na saba. Kila mtu afurahi."

"Na Maharaji?"

"Si alikufa?"

Nasirumbi aliingia chumbani kutafuta kalamu. Mwai alipumua kwa nguvu akaketi kwenye kibao cha jiko, amelegeza tai, akijua ameshinda. Ndani, Nasirumbi alikaa muda. Alikuwa ameacha shule darasa la saba na maandishi yake yalikuwa makubwa ya kukandamiza karatasi. Alipotoka alimpa barua imekunjwa, akaanza kutoa godoro mlangoni.

Mahali pa sahihi alikuwa ameandika: "Taa ilizimika Jumamosi asubuhi. Sikuwepo kwa sababu nilitumwa Karatina kununua maua. Mlionituma mnajua kwa nini. Mimi Nasirumbi, mjane wa Koplo Barnabas, niliyekuwa nikiilinda."

"Umejiangusha mwenyewe," Mwai alisema. "Na utalala wapi?"

"Miriti!" Nasirumbi aliita kuelekea getini. "Kuja ushike huku, hii godoro ni nzito."

Na Miriti, aliyeajiriwa na kamati ile ile na mwenye watoto watano huko Meru, aliegemeza fimbo yake ukutani, akaja akashika upande wa pili.